Stendi Fupi ya Mnara

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kibarazani kwake, kikombe cha chai mkononi, atakusimulia bila kuona haya: aliingia dukani kutafuta stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, ya kupigia picha za nyota. Akaulizwa swali moja tu la maana, naye akalijibu kwa kifua.

"Stendi ya kazi gani, mzee?" muuza vifaa alimuuliza.

"Wewe nipe ndefu kuliko zote."

Watu walimwita Mnara. Usidhani ni kwa urefu wake. Alikuwa mfupi hivi kwamba kwenye harusi alikuwa akienda na kamera begani na kigoda kwapani, na bado picha nusu zilikuwa na kisogo cha mjomba wa bwana harusi katikati. Katika kazi yake yote hakuwa na adui mkubwa kama visogo vya watu. Wenye utani wakampa hilo jina, likamganda, na yeye akalibandika mlangoni: STUDIO YA MNARA.

Muuza vifaa, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama wembe, hakutaka kumpoteza. Alitoa rafuni stendi moja fupi, nyeusi, imenona miguu kama ya fahali.

"Hii ndiyo wanayochukua wapiga picha za angani. Ni ya nyuzi za kaboni, nyepesi kuliko chuma. Miguu minene, kila mmoja una vipande vitatu tu, na haina shingo ya kati."

"Hiyo ni ya kupigia picha kuku," Mnara akasema, na wateja wawili wakacheka. Akazidi kuvimba. "Nipe ile."

Ile ilikuwa imesimama dirishani ikimeremeta. Nayo ya kaboni, lakini miguu yake ilikuwa vipande vingi vyembamba vinavyochomoka kimoja ndani ya kingine, cha mwisho chembamba kama bua. Katikati ilikuwa na shingo ya kuvuta juu, na ukiivuta yote kamera inampita mtu mrefu kichwani. Mnara aliiinua kwa kidole kimoja.

"Nyepesi!"

"Nyepesi, ndiyo," muuza vifaa alisema. "Sasa mzee, kwenye upepo..."

"Nifungie."

Akafungiwa. Malipo ya awali aliyopewa na hoteli yakaishia pale kaunta, naye akatoka na stendi begani, akipita katikati ya barabara ili watu waione.

*

Ofisi ya meneja wa hoteli ilinukia rangi mbichi. Hoteli ilikuwa mpya, imejengwa chini ya mlima, na ukuta wa mapokezi ulikuwa bado mtupu kutoka sakafuni mpaka darini. Ukuta ule ulikuwa unasubiri picha moja: hoteli yenyewe na taa zake, na juu yake ule mkanda mweupe wa nyota umekatiza anga. Ikipendeza, vyumba vyote vingetaka za kwao. Kwa Mnara hiyo ilikuwa kazi ya kuokoa studio, maana siku hizi kila mtu anajipiga mwenyewe kwa simu, na picha za pasipoti hazimshibishi mtu.

Meneja alikuwa mwanamama mwenye miwani aliyoipandisha kichwani. Aliitazama kwenye kompyuta, kwa mbali, picha ambayo Mnara alikuwa ameipiga usiku kutoka mlimani, akatabasamu. Mnara naye akatabasamu. Kisha mama akateremsha miwani, akaikuza picha.

"Hizi ni nini?"

"Nyota, mama."

"Mbona zina mikia?"

"Zina mikia kidogo."

"Na hii hapa mbona iko mara mbili? Imezaa?"

Msichana wa mapokezi, aliyekuwa ameleta maji, alijifanya anakohoa.

"Mama, kulikuwa na upepo," Mnara akasema.

"Upepo unafika mpaka kwenye nyota?"

Msichana akashindwa kukohoa, akatoka mbio na sinia. Mnara alibaki anaangalia viatu vyake. Angeweza kueleza kwamba kamera ya nyota huacha jicho wazi muda mrefu, ikinywa mwanga kidogo kidogo, na stendi ikitikisika hata kama unywele, kila nyota inajichora mara mbili. Lakini alijua maelezo hayo yangeishia kwenye swali la nani alichagua stendi.

"Picha hii itakuwa kubwa kuliko mlango," meneja alisema, sasa bila ukali. "Mgeni atasimama pale akisubiri ufunguo, hana la kufanya, atazitazama moja moja. Mimi nataka nyota iwe nukta. Kama umeigusa karatasi kwa ncha ya kalamu. Mwanga wa mwezi unaanza lini kuzisumbua?"

"Wiki ijayo mwanzoni."

"Basi una siku mpaka hapo. Jumatatu asubuhi nisipoona nukta, nampigia mwingine. Usinielewe vibaya, baba. Ukuta hauwezi kukusubiri."

*

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, nusu yake. Upande mmoja ulikuwa na kitambaa cha buluu cha kupigia picha za pasipoti, stuli, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana viwili vya kwanza viliondoka na wateja. Upande wa pili, nyuma ya pazia, kilikuwa cherehani cha mkewe. Watu walimwita Fundi. Pazia lilikuwa wazi siku hiyo, na juu ya stuli alikuwa amekaa kaka yake Fundi, mwenye stoo ya saruji kule barabarani.

Shemeji yake huyu hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa moja: akikupa msaada, lazima kwanza akucheke.

"Mnara! Nasikia nyota zako zimeota mikia."

"Umesikia wapi?"

"Msichana wa mapokezi anapanga nyumba ya jirani yangu. Habari imefika kabla yako." Akajifuta machozi ya kicheko. "Sasa sikiliza, shemeji. Utani tuuweke pembeni. Karani wangu wa stoo ameacha kazi. Nataka mtu mwaminifu wa kupokea mifuko na kuipanga. Kuna mshahara, kuna kivuli, hakuna upepo. Jumatatu uje."

Mnara alikaa kwenye mkeka, akaegemeza stendi ukutani. Ilikuwa ndefu mno, ikateleza, ikaanguka juu ya kitambaa cha pasipoti, kitambaa nacho kikashuka chini na misumari yake.

"Hata ndani ya nyumba haisimami," shemeji akasema.

Mkewe alisimamisha cherehani. Alikuwa mtu wa kumaliza mshono kwanza ndipo azungumze.

"Baba watoto, huko juu hiyo stendi ilikuwaje?"

"Ni stendi nzuri. Kaboni tupu."

"Nimekuuliza ilikuwaje. Sijakuuliza sifa zake."

"Ilikuwa inatikisika."

"Ulikuwa umeivuta?"

"Miguu yote."

"Na ile shingo?"

Mnara alikuna kidevu. "Na shingo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Kwa nini?"

Kwa nje gari lilipita, kioo cha kitana kikatetemeka. Mnara alitafuta jibu la kitaalamu, na kila alilolishika lilimponyoka. Mwishowe akasema la kweli, kwa sauti ndogo:

"Nimezoea. Ili nipite vichwa."

Fundi alimtazama, akaelekeza uso wake dirishani, kule mlimani palipo na mawe na vichaka na ndege tu.

"Vichwa vya nani, baba watoto? Nyota nani kasimama mbele yake?"

Shemeji aliinuka kwenye stuli akashika ukuta. Alicheka mpaka akaishiwa sauti, akabaki anapigapiga ukuta kwa kiganja. Mnara mwenyewe alijitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka pia, kile kicheko cha mtu anayejiona yeye mwenyewe kwa mbali. Ni kweli. Kule juu hapakuwa na mjomba wa bwana harusi. Alikuwa amenunua urefu wa kukwepa watu wasiokuwepo.

Lakini kicheko kilipokwisha, tatizo lilikuwa bado limelala pale pale juu ya kitambaa cha buluu. Mnara aliiinua stendi, akairudisha shingo chini yote, akafunga kamera, akagonga mguu kwa kidole. Picha kwenye kioo cha kamera ikacheza kama maji kwenye ndoo. Akarudisha vile vipande vyembamba ndani, akabakiza vya juu tu vyenye unene. Ikatulia. Ila sasa ilikuwa inamfika gotini.

"Si hivyo ndivyo?" mkewe akauliza.

"Kule kuna vichaka. Nikikaa chini namna hii, nitampelekea meneja picha ya majani." Akakaa kitako. "Ile fupi aliyonionyesha ndiyo ilikuwa yenyewe. Miguu minene, inafika kifuani bila shingo. Nikaiita ya kuku."

"Uliiita ya nini?"

"Ya kuku. Mbele za watu."

Fundi alitoa uzi kwenye sindano, akakifunika cherehani kwa kifuniko chake.

"Vaa viatu. Turudi dukani."

"Hatanipokea."

"Sijasema atakupokea. Nimesema turudi."

"Nendeni," shemeji akasema akiwa mlangoni. "Lakini Jumatatu mlango wa stoo uko wazi. Mwambie mumeo, dada. Kazi ya kuangalia juu imeshawavunja shingo wengi."

*

"Aaa! Mzee wa ndefu kuliko zote!"

Duka lilikuwa limejaa. Muuza vifaa hakusema kwa ubaya, lakini alisema kwa sauti, na watu wakageuka. Mnara aliweka stendi juu ya kaunta. Mchanga wa mlimani ukamwagika kwenye vioo.

"Nataka kubadilisha," alisema. "Ile fupi. Ya..." Akapangusa mchanga kwa kiganja. "Ya kuku."

"Ile ni ghali kuliko hii, mzee. Na hii imeshatumika. Tazama, mchanga umeingia kwenye vifungo. Iliyotumika sipokei, ni sheria ya duka."

"Mdogo wangu," Fundi akasema, akisogea mbele. "Sheria tumeisikia. Zile begi za kamera mbona umezitupa chini kule kwenye kona?"

Muuza vifaa aligeuka kuzitazama, kana kwamba na yeye alikuwa amezisahau. "Zipu zimekufa. Zilikuja hivyo hivyo kwenye boksi. Nani atanunua begi lisilofunga?"

"Zikifufuka utaziuza?"

"Siku hiyo hiyo."

"Basi mimi ni fundi cherehani. Nipe zote. Nitakurudishia zinafunga na kufunguka. Wewe chukua hii ndefu kama ya mkono wa pili, iuze kwa wapiga picha za harusi, wana vichwa vya kupita. Kinachopungua kwenye bei nitakushonea."

Muuza vifaa alimtazama, akatazama begi, akaitazama stendi. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akinyamaza namna ile ujue ameshakubali, anatafuta tu namna ya kutoonekana amekubali upesi.

"Aisafishe kwanza," akasema. "Aisafishe yeye mwenyewe. Siwezi kuuza mchanga."

Mnara akapewa mswaki mkuukuu na kitambaa, akachuchumaa kwenye ngazi ya duka, maana ndani mchanga ulikuwa hautakiwi. Alifungua kipande kimoja kimoja, akasugua kila kifungo. Watu waliingia na kutoka wakimruka. Bwana mmoja aliyemwozesha binti yake mwaka uliopita, picha akiwa amepigwa na Mnara huyu huyu, alisimama na mfuko wake wa manunuzi.

"Mnara! Umehamia kwenye usafi?"

"Nimepandishwa cheo," Mnara akajibu bila kuinua kichwa, na akaendelea kusugua. Masikio yalikuwa yanamwaka. Lakini mkono haukusimama, na kipande cha mwisho alikisugua zaidi ya vyote.

Aliporudi ndani hakusema tena nipe. Alisema, "Naomba nizijaribu."

Walizisimamisha tatu kwa mstari: ile ndefu, ile fupi ya kaboni, na nyingine fupi ya alumini ambayo muuza vifaa aliileta kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko zote. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la dawa, na juu ya mlango wake taa ndogo inayowaka mchana na usiku. Mnara alifunga kamera kwenye ile ndefu, shingo ikiwa chini, akaielekeza kwenye ile taa, akaikuza mpaka ikajaa kwenye kioo.

"Wewe tazama," alimwambia mkewe. "Mimi nagonga."

Akagonga.

"Inacheza," Fundi akasema. "Inacheza. Bado. Bado. Bado. Sasa naona kama imechoka."

Ya alumini. Akagonga, mguu ukalia ting, kama sufuria.

"Inacheza... inapungua... imetulia. Hii ina nafuu."

Mnara aliinyanyua. Mishipa ya shingo ikamtoka. "Hii nitaibeba mimi mpaka juu. Halafu nani atanibeba mimi?"

Ya mwisho ilikuwa ya kuku. Akaipandisha miguu yote mpaka mwisho wake. Akagonga. Haikulia. Ilitoa sauti butu, tup, kama umegonga gogo lenye maji.

Fundi aliinamia kioo. Akasubiri.

"Umegonga?"

"Nimegonga."

"Gonga tena."

Tup.

"Imeruka kidogo, ikanyamaza pale pale."

Mnara hakuridhika. Siku hiyo alikuwa ameamua kutoridhika upesi. Alishika sehemu ya juu ya ile ndefu kwa mikono miwili akaikamua kama mtu anayekamua nguo: miguu yote ikajipinda, halafu ikarudi. Akaikamua ile fupi: mikono yake ndiyo iliyojipinda. Akalala juu yake kwa kifua na uzito wake wote. Akafungua na kufunga kila kifungo akiwa amefumba macho, maana gizani atavitafuta kwa vidole. Akauliza kama kuna kulabu chini ya kiungo cha kati ya kuning'inizia mzigo. Ilikuwepo. Muuza vifaa alikuwa ameacha wateja wengine, ameegemea kaunta, anatazama.

"Hivi ndivyo ungefanya siku ile, mzee."

"Siku ile nilikuwa na haraka ya kupita katikati ya barabara."

Mwishowe Mnara akasimama kando ya ile stendi, akajilinganisha nayo kwenye kioo cha dirisha. Sauti ikashuka.

"Inanifika kifuani tu."

"Kwa mwingine ingefika tumboni," mkewe akasema. "Kwako hiyo ni ndefu. Chukua begi, twende."

*

Begi zile zilikalia nusu ya studio. Wateja wa pasipoti walipigwa picha huku wamezungukwa na zipu. Fundi alishona asubuhi, akashona mchana, akisukuma pembeni magauni ya watu na kuwaomba radhi wenyewe. Ujira wa magauni ulisogea mbele, na wote wawili waliliona hilo wala hawakulizungumza.

Kwa vipande vya suruali ya jinzi alishona na kitu kingine: mfuko mgumu wenye mkanda mrefu, wa kuning'iniza kwenye kulabu ya stendi. Mnara alifurahi kama mtoto. Jioni alitoka uani ameujaza mchanga, anatembea amepinda upande mmoja.

"Hiyo ya nini?" mkewe akauliza.

"Uzito. Wa kuzuia upepo."

"Unabeba mchanga kupanda mlima wa mawe?"

Akaumwaga pale pale mlangoni, akampa mfuko mtupu.

Jioni ya kwanza walipanda wote wawili, kamera mgongoni, stendi ikibadilishana mabega. Walipofika juu mawingu yalifunika anga lote kama blanketi. Walikaa, wakangoja, wakashuka. Jioni ya pili mawingu tena, na mvua kidogo juu yake, Fundi akiwa amevua kanga yake kufunika kamera. Walipokuwa wanashuka waliteleza, wakapita barabarani wamepakaa tope mpaka kwenye nyusi. Shemeji alikuwa anafunga stoo.

"Mnatoka vitani?"

"Kesho tena," Mnara akajibu, hakusimama.

"Kesho ni Jumapili. Ya mwisho."

"Ndiyo maana."

Jumapili jua lilipozama hapakuwa na wingu hata la kufutia miwani. Walikuwa wameshafika juu. Chini yao hoteli iliwasha taa zake, na kadiri giza lilivyoingia ule mkanda mweupe ulijitokeza juu ya paa polepole, kama picha inavyojitokeza kwenye karatasi za zamani. Mnara alitandaza miguu ya stendi, akaikita katikati ya mawe, mguu mmoja mmoja. Fundi alijaza mfuko mawe ya pale pale, akauning'iniza. Upepo ukaanza kuubembeza, na stendi nayo ikatikisika.

"Unabembea," Mnara akasema. "Hii ni mbaya kuliko bila mfuko."

"Subiri." Fundi aliurefusha mkanda mpaka mfuko ukagusa ardhi kidogo, ukatulia kama mbwa aliyelala. "Mkanda mrefu niliuwekea kazi gani?"

Hapo Mnara, bila kujua, alinyoosha mkono juu ya kamera kuvuta shingo. Vidole vikashika upepo. Hapakuwa na shingo. Alibaki amenyoosha mkono vile, akajitazama, akaushusha. Kisha akapiga magoti juu ya mawe, jicho likawa sawasawa na kamera, akaweka kamera ijibonyeze yenyewe ili mkono wake usiiguse.

"Usitembee," akanong'ona.

"Sitembei."

"Usipumue kwa nguvu."

"Unataka nife au unataka picha?"

Jicho la kamera lilifunguka. Upepo ulivuma, vichaka vikalala, kanga ya Fundi ikapigapiga. Mnara alishikilia mapaja yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeketi mbele ya mganga akisubiri majibu. Kamera ikajifunga.

Alikuza picha kwenye kioo. Akakuza tena. Akakuza mpaka mashine ikakataa kukuza zaidi. Fundi alichungulia begani kwake.

"Hazina mikia?"

Mnara alionyesha kwa kidole. Nukta. Pembeni yake nukta. Nyingi mno, kila moja imekaa mahali pake, hakuna iliyozaa.

"Piga nyingine," mkewe akasema. "Piga mpaka magoti yachubuke. Hatupandi tena kesho."

*

Jumatatu asubuhi meneja alikuza picha, akaikagua. Akakuza kona nyingine, akaisogelea. Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama na sinia mlangoni, tayari kukohoa, kikohozi hakikuja.

"Hii moja hapa mbona nyekundu?" meneja akauliza.

"Ndivyo ilivyo, mama. Nyota nazo zina rangi zao."

"Sikujua." Akavua miwani kabisa, akaiweka mezani. "Ya ukutani nimeipata. Nenda kapime kuta za vyumba, uniambie unaweza kunipa ngapi, na kila moja iwe tofauti."

Aliporudi nyumbani alimkuta shemeji amekaa kwenye ile stuli ya pasipoti, ufunguo wa stoo unaning'inia kidoleni. Stendi fupi ilikuwa imesimama katikati ya chumba, na mfuko wa jinzi bado una tope. Fundi alikuwa kwenye begi la mwisho, akivuta zipu mbele na nyuma kuisikiliza.

"Nimesikia," shemeji akasema. "Habari imefika kabla yako. Hongera. Lakini mimi ni mkubwa wenu, lazima niseme. Hoteli ni moja. Kuta zake zikijaa, je? Utampiga nani? Stoo haina misimu. Na tena, Mnara, nasikia siku hizi unafanya kazi umepiga magoti, kama mtu anayeomba msamaha. Mtu mzima! Studio imeandikwa Mnara mlangoni, na stendi yenyewe inakuja mpaka hapa." Akapima kwa mkono usawa wa tumbo lake. "Huoni aibu? Chukua ufunguo. Saa hizi gari la saruji liko njiani, mifuko inasubiri kupangwa."

Mnara alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi: unene wa miguu, upepo, vyumba vya hoteli, nyota nyekundu. Mkewe alimtangulia. Alimaliza kwanza kuvuta zipu mpaka mwisho, akalibwaga begi juu ya mengine, ndipo akainua uso.

"Kaka, saruji hupangwa mpaka darini. Katafute mtu mrefu. Huyu wangu ana kazi inayomtaka apige magoti."